Goti la Baba Katika Mapigo Matatu

Baba alikubali kufunga ndoa kanisani akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Wakati huo alikuwa ameishi na mama miaka arobaini na minane, wamezaa watoto watano, na alikuwa amepeleka ng'ombe wote wa mahari waliotakiwa pamoja na mmoja ambaye mpaka leo anashikilia kwamba hakutakiwa. Tangu nikiwa mtoto mama alikuwa akimwuliza jambo hilo la kanisa, na jibu halikubadilika: yeye alishaoa, kama kuna mwenye shaka aende akawaulize ng'ombe. Asubuhi hiyo alikuwa akikamua. Mama alimwuliza tena, kwa mazoea tu, na baba akajibu bila kuinua kichwa, "Haya. Lakini kuna masharti."

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, hatacheza. Katika makanisa yetu ya Homa Bay maharusi hawaingii kwa kutembea. Huingia kwa kucheza, hatua mbili mbele na moja nyuma, wakizungukwa na akina mama wenye vigelegele, na ile safari ya kutoka mlangoni hadi madhabahuni, ambayo siku nyingine humalizwa na mtoto kabla mama yake hajamkamata, huweza kula nusu saa nzima. Baba alisema hawezi kutikisa mabega mbele ya watu ambao aliwahi kuwachanjia ng'ombe. Sharti la pili lilikuwa kwamba asichekwe.

"Nikisikia mtu mmoja amecheka," alimwambia mama, "nageuka hapo hapo. Mtanikuta nyumbani."

Sote tulijua kwamba angegeuka. Siku ya kuagwa kwake kazini, alipostaafu uafisa wa mifugo, mfawidhi wa sherehe alifanya mzaha kuhusu kofia yake. Baba aliinuka, akaichukua ile kofia, akaondoka. Hotuba za kumsifu zilisomewa kiti kitupu.

Mama hakutaka pete wala keki. Alichotaka ni kukaa kwenye benchi la pili. Mabenchi mawili ya mbele upande wa kushoto ni ya chama cha akina mama, wenye vitambaa vyeupe vya kichwani, na asiye na ndoa ya kanisa hapokelewi. Kwa miaka mingi mama alikuwa amewapikia chai katika mikutano yao, akawaazima sufuria, akaosha vikombe, kisha wao walipoingia ndani kula kiapo, yeye akabaki nje na vikombe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Baba akigeuka siku hiyo, hangekubali tena, na mama asingekuwa na ujasiri wa kumwuliza tena.

Kwa hiyo akanipigia simu Migori, ambako ninafundisha muziki katika chuo cha ualimu. Nyumbani tunazungumza Dholuo, na haya ninayoyaandika kwa Kiswahili yana adabu zaidi kuliko yalivyosemwa.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, neno analolitumia anapotaka kitu. "Wewe si umesomea kinanda? Nitafutie wimbo ambao mtu hawezi kuucheza hata akitaka."

Nilikuwa nimesubiri miaka ishirini na mitano ili elimu yangu ihitajike nyumbani. Sikutarajia ihitajike kwa sababu hiyo, lakini nilikuwa na hakika kwamba ninaiweza.

Nilichagua kipande cha zamani cha Kijerumani, kilichoandikiwa vyombo vingi vya jumba la kifalme, na baadaye kikapangwa upya na mtu mwingine ili vidole kumi vitoshe. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla ya nota yoyote, kulikuwa na maelezo ambayo nimeyapenda tangu siku nilipojifunza kuyasoma: ufunguo, mwendo, hisia. Ufunguo ulikuwa wenye alama tano za kushusha sauti, ule unaopeleka vidole kwenye vibao vyeusi na kuifanya sauti iwe na joto. Mwendo ulikuwa wa polepole, mapigo manne katika kila kipimo. Hisia ilikuwa utulivu na heshima. Katika maisha yangu hakuna mtu, si mwajiri wala mume, aliyewahi kunieleza kwa uwazi wa namna hiyo niende kwa kasi gani, nianzie wapi, na niwe na moyo gani nikifika.

Nilifanya mazoezi sebuleni kwa wiki tatu. Mwishoni mwa wiki ya kwanza jirani yangu, mwanamke mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinisimamisha kwenye ua.

"Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa. Ni muziki wa harusi ya wazazi wangu."

Akafikiri. "Basi poleni vilevile," akasema.

Nilijirekodi kwa simu nikampelekea mama. Alisikiliza, akanipigia.

"Ni mzuri sana. Lakini huyo mtu mbona analia?"

"Mtu gani?"

"Huyo anayepiga."

"Ni mimi ninayepiga, mama."

"Wewe nawe mbona unalia?"

Nilimweleza kwamba ufunguo wa wimbo ule ni wa furaha, na kwamba kitaalamu huzuni ina funguo zake. Alinisikiliza kwa subira ileile anayowapa watu wanaokuja kumwuzia sufuria. Baada ya kukata simu niliona aibu kidogo, kwa kuwa jambo hilo nimelifundisha kwa robo karne bila kulichunguza. Wanafunzi wangu huandika katika mtihani kwamba ufunguo huu ni wa furaha na ule ni wa huzuni, huzawadiwa alama zao, halafu Jumamosi huenda mazikoni wakaimba tenzi zote katika ufunguo wa furaha, na macho yao yakavimba kwa kilio. Kwetu furaha haikai katika ufunguo. Inakaa katika mwendo. Ukienda polepole umebeba jeneza, hata kama nota zote zinacheka.

Basi dawa ilikuwa kuongeza kasi. Hapo ndipo goti la baba lilipoingia katika muziki.

Goti hilo la kulia lilivunjwa na fahali huko Kehancha, baba alipokuwa akisimamia josho la ng'ombe, na tangu hapo anatembea na fimbo. Nilikwenda Homa Bay mwishoni mwa wiki, nikamwomba atembee kutoka zizini hadi kwenye tangi la maji, nami nikawasha katika simu yangu ile programu inayogonga kama saa ili nipime mwendo wake. Alitembea. Nikamwomba arudie. Nilijaribu kasi ya hamsini, sitini, sabini, na simu na baba havikupatana hata mara moja. Mara ya nne nikaizima nikahesabu kwa mdomo. Mguu mzima, fimbo, mguu mbovu. Mguu mzima, fimbo, mguu mbovu.

"Baba, unatembea kwa tatu."

"Natembea kwa miguu."

"Mguu, fimbo, mguu. Ni mapigo matatu. Wimbo una manne."

"Ng'ombe anatembea kwa nne na hujawahi kumwandikia wimbo."

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akichambua mboga. "Mwache na tatu zake," akasema. "Mimi nimemfuata hivyo tangu Kehancha. Wewe badilisha karatasi."

Nilibadilisha karatasi. Kuondoa pigo moja katika kila kipimo ni kama kung'oa kiti kimoja katika kila safu kisha kuwaomba wageni wasogee bila kunung'unika. Nota nyingine zilisogea. Nyingine ilibidi zikae juu ya mapaja ya wenzao. Kipande kilichokuwa kikitembea kama mfalme sasa kiliyumba kama mama mnene anayejipepea kwa gazeti, lakini kiliyumba pamoja na baba, na hilo ndilo nililohitaji. Nilimfundisha mama jikoni: mguu, pumzi, mguu. Alishika upesi kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilikwenda kanisani kujaribu kinanda. Mwenye kinanda hicho, ingawa ni mali ya kanisa, ni fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko. Hajui kusoma nota hata moja. Lakini katika kanisa letu hakuna anayetangaza ufunguo. Kiongozi wa akina mama huinua wimbo pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, na mpigaji anatakiwa ampate kabla ya mstari wa pili. Fundi huyu humpata kabla hajamaliza neno la kwanza.

Niliketi, nikaweka karatasi yangu, nikapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa chini kwa hatua tatu kuliko vidole vyangu vilivyoagiza. Ilikuwa kama kutia chumvi na kuonja sukari. Kipimo cha nne nikasimama.

"Nani amegusa hiki kinanda?"

"Hakuna mtu ameguza, Madam," fundi akasema. "Hiyo huwa inakaa hapo. Minus tatu. Hapo ndio kiongozi ako. Akienda juu anakohoa."

"Naomba uirudishe sifuri."

"Sifuri hakuna mtu anaimba."

"Hakuna atakayeimba. Nitapiga peke yangu."

Akairudisha, kwa kidole kimoja, kama mtu anayezima taa ya mgonjwa. Kisha akainama kuitazama karatasi yangu.

"Na hizi alama tano hapa mbele ni za nini?"

"Zinaonyesha ufunguo."

"Kumbe unaandikiwa?" Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyegundua kwamba naandikiwa njia ya kwenda jikoni kwangu. "Sawa. Madam, mimi nitakaa hapa kando. Ukikwama niangalie."

"Sitakwama," nikasema.

Siku yenyewe kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu walitoka Sindo, wengine walivuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano, maana harusi ya vijana huonwa kila mwezi lakini ya mzee kama baba hakuna anayetaka kuikosa. Mchungaji alisimama madhabahuni. Kiongozi wa akina mama alikuwa benchi la kwanza, mikono juu ya magoti, akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa asiimbe. Nilipoona mlango unafunguliwa, nilianza. Tatu, tatu, tatu, kwa uhakika kabisa.

Baba aliingia bila fimbo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jana yake, nilipokuwa nikibishana na fundi wa simu, yeye alikuwa katika zahanati moja mjini akidungwa sindano ya goti ili asimame mbele ya watu kama mwanamume mwenye miguu miwili. Hakumwambia mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa shule ya msingi nilimwona baba akitembea kwa mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa kasi ya mtu aliyeitwa kwenda kwa ng'ombe anayezaa. Mkono wa mama ulikuwa umepita katika mkono wake. Mama alikuwa katika mguu, pumzi, mguu. Mimi pia. Kufikia kipimo cha tatu mikono yao ilikuwa imenyooka. Kufikia cha tano ikaachana.

Baba hakugundua. Macho yake yalikuwa kwa mchungaji, naye alikuwa amejiandaa kwa wiki nyingi kutotazama watu. Alifika mbele, akasimama wima, akageuka kulia kumpokea bibi harusi, na pale pa bibi harusi palikuwa na hewa.

Mama alikuwa katikati ya kanisa, amesimama. Hakuwa amechoka wala hakuwa amepotea. Alikuwa ameamua tu kutokimbia, na alikuwa ameshika maua yake kwa mikono miwili kama mtu anayengoja foleni. Vidole vyangu vikanyamaza vyenyewe.

Hapo mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, kutoka upande wa wanaume. Kikajibiwa na kingine karibu na dirisha. Havikuwa vicheko vya dharau, vilikuwa vya watu wanaompenda, lakini baba hagawi vicheko katika mafungu. Uso wake ulibadilika. Kando ya madhabahu kuna mlango mdogo unaotokea uani, ambako gari lililomleta lilikuwa limeegeshwa, na nilimwona akiutazama. Mama naye alimwona akiutazama. Mikono yake iliyabana maua.

Kiongozi wa akina mama akavuta pumzi. Yeye huinua wimbo kila jambo linapoharibika kanisani, na wimbo wake wa kuokolea ni wa kucheza, na kucheza ndilo lililokuwa sharti la kwanza. Nilimtikisia kichwa. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumtikisia kichwa kabla ya siku hiyo. Akaiachia ile pumzi polepole, akinitazama.

Baba akauacha mlango. Akashuka, akapita mbele ya mabenchi ya vitambaa vyeupe, akarudi hadi alipokuwa mama. Kwa kuwa kinanda kilikuwa kimya, kanisa zima lilisikia.

"Nini tena?"

"Unakimbilia wapi?"

"Si ulisema madhabahuni. Nimefika madhabahuni."

"Umefika peke yako."

Akafikiri juu ya hilo. "Mguu leo hauumi," akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya chifu.

"Nimeuona. Nimefurahi. Sasa utembeze pamoja na mimi."

Kicheko kikaacha kujificha. Kililipuka mabenchi yote, hadi nje madirishani. Baba akawageukia kwa ile sauti ya joshoni inayofika ng'ambo ya pili ya mto.

"Mnacheka nini? Nanyi si mna wake?"

Wakazidi. Wanaume ndio waliozidi hasa. Baba akasimama katikati ya kelele ile, akiwatazama mmoja mmoja, na nikaona kona ya mdomo wake ikiteleza, ikarudi mahali pake, ikateleza tena. Kisha akautoa mkono wake, na mama akaupitisha wake, safari hii hadi kwenye kiwiko.

Wote wawili wakanitazama mimi.

Tatu haikufaa tena. Nne nilikuwa nimeifuta mwenyewe. Nilimtazama fundi wa simu.

"Madam," akanong'ona, "wacha karatasi. Angalia miguu."

Niliangalia miguu. Mama aliweka mmoja chini, nikapiga sauti moja kamili nikaishikilia, na sikuiachia mpaka alipouinua mwingine. Baba alikuwa akifika mapema kila hatua, akaning'iniza mguu hewani, akamngoja. Kila kipimo kilikuwa na urefu wake, na hakuna mtunzi ambaye angekubali kutia sahihi. Walipopita benchi la tatu, kiongozi wa akina mama alikuwa amefika mwisho wa subira yake. Akaanza, chini kabisa, kwa sauti nzito isiyo na ngoma wala mabega, hatua tatu chini ya pale nilipokuwa. Vidole vyangu havikujua njia ya kwenda huko. Nikaviinua. Fundi akanyoosha mkono mbele yangu, akabonyeza kitufe mara tatu.

"Sasa rudi," akasema.

Nikarudi kwenye vibao vyangu vyeusi, na sauti ikatokea mahali pa yule mama. Sikukwama, naye hakukohoa. Ukurasa ulikuwa umeanguka chini ya kiti, na sikujua ule uliokuwa ukitoka uitwe mwendo gani. Jirani yangu wa Migori angesema pole, lakini watu walikuwa wakipiga vigelegele juu yake, na baba alikuwa akitembea, na hachezi, na mama alikuwa amefika.

Mchungaji akamwuliza baba kama anamkubali mwanamke huyu. Baba akasema ndiyo kabla swali halijafika kwenye neno "mwanamke". Mchungaji akaeleza kwamba sheria inataka swali lisomwe lote. Akalisoma lote.

"Ndiyo. Nimeshasema."

Kisha akamgeukia mama, akasoma lote, taratibu, akafunga kitabu kwa kidole ndani.

Mama akanyamaza.

Mwanzoni tulidhani hakusikia. Mchungaji akainua nyusi. Akina mama wa benchi la kwanza wakatazamana. Mimi nilianza kuhesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nilipofika sita nikaona kwamba uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akitazama dirisha, kama mtu aliyeketi kivulini baada ya kazi.

Baba akainama kidogo. "Si useme."

"Nafikiri," akasema mama.

Baba akatazama viatu vyake, akamtazama mchungaji, akamtazama mama. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hakwenda popote.

Nilifika kumi na saba ndipo aliposema ndiyo.